Je, Wajua kwa Nini Tovuti Iliyofungwa kwa Amri ya Mahakama Huendelea Kufunguka?

Jioni za mechi kubwa, ukipita uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome ya Lamu, si ajabu kumsikia kijana akilalama kwamba ile tovuti ya kutazamia mpira bure imefungwa, ilhali mwenzake aliyekaa naye baraza moja anaitazama mechi hiyo hiyo, kwenye tovuti hiyo hiyo, kwa laini ya kampuni hiyo hiyo. Amri ya mahakama, kama ipo, haikumbagua yeyote kati yao. Hata hivyo mmoja anaambiwa na simu yake kwamba ukurasa haupatikani, na mwingine ameshaanza kushangilia bao.

Maelezo ya barazani kuhusu jambo hili huwa mawili. Wapo wasemao kwamba serikali iliizima tovuti, wenyewe wakaiwasha tena kwa siri. Na wapo wasemao kwamba huyo anayetazama ni mjanja wa kompyuta aliyevunja kizuizi. Maelezo yote mawili yamejengwa juu ya dhana moja, nayo ni kwamba tovuti ikifungwa na mahakama huwa imezimwa, au walau imewekewa ukuta unaohitaji kubomolewa. Dhana hiyo si sahihi, na kosa lake linastahili kuchambuliwa taratibu, kwa sababu ndilo linalowafanya watu waone kila kizuizi ni ama muujiza ama mzaha.

Mahakama Kuu ya Nairobi haina uwezo wa kuigusa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, iliyoko Ulaya au Asia, inayomilikiwa na mtu asiyejulikana jina wala nchi. Walio chini ya mamlaka yake ni kampuni zilizopewa leseni ya kuwauzia Wakenya intaneti, na amri huelekezwa kwao. Tovuti yenyewe haipelekewi chochote: mafaili yake hayafutwi, seva yake haizimwi, na mwenyewe huenda asijue kwamba amehukumiwa mpaka aone wageni wanaotoka Kenya wamepungua. Kwa hiyo aliyetazama mpira pale Mkunguni hakuvunja kitu. Hapakuwa na kitu cha kuvunjwa.

Ni kweli kwamba zipo tovuti zilizozimwa hasa. Mwezi Mei 2006 polisi wa Sweden walivamia chumba cha seva za The Pirate Bay, tovuti ya kupatia filamu na muziki bila idhini, jijini Stockholm na kuondoka nazo, na Januari 2012 Marekani iliinyakua Megaupload, tovuti ya kuwekea na kugawana mafaili, huku mwanzilishi wake, Kim Dotcom, akikamatwa New Zealand. Megaupload haikuinuka tena. The Pirate Bay ilirudi hewani baada ya siku tatu hivi, na hata baada ya waendeshaji wake kuhukumiwa kifungo mwaka 2009 iliendelea kuwapo. Operesheni za namna hiyo huhitaji polisi wa nchi kadhaa, gharama kubwa na bahati ya kujua seva iko wapi; ndiyo maana kampuni za filamu na za matangazo ya michezo hupenda zaidi njia ya kuwaendea watoa huduma za intaneti.

Ili kuielewa njia hiyo, tuutazame Mji wa Kale wa Lamu. Mgeni anaposhuka kwenye boti kutoka Mokowe, akiwa na jina la nyumba tu kichwani, hawezi kuifikia kwa kubahatisha; vichochoro vimesokotana, kuta ni ndefu, na mlango wa nakshi mmoja unafanana na mwingine machoni pa asiyezoea. Hana budi kumuuliza mtu aliye gatini, naye humjibu: panda na kichochoro hiki hadi msikitini, kunja kushoto, mlango wa tatu. Jina la nyumba peke yake halimfikishi mtu. Kinachomfikisha ni yale maelekezo.

Intaneti nayo huenda hivyo. Jina la tovuti tunaloandika kwenye simu ni jina la nyumba, na mashine hazisafiri kwa majina. Zinahitaji anwani ya IP, ambayo ni mfuatano wa nambari, na kazi ya kulipatia jina anwani yake hufanywa na mfumo wa majina ya vikoa (yaani majina ya tovuti), unaofahamika kwa herufi DNS. Mtu wa gatini ni seva ya DNS ya kampuni iliyokuuzia bando. Kabla ukurasa haujaanza kufunguka, simu yako huwa imeshaiuliza seva hiyo jina fulani liko wapi, ikajibiwa, na yote hayo kwa sehemu ndogo ya sekunde, kiasi kwamba mtumiaji hajui kama kulikuwa na swali.

Sasa amri ya mahakama inapofika, kinachofanyika mara nyingi ni kuwaagiza watu wote wa gatini walioajiriwa na kampuni fulani kwamba, wakiulizwa nyumba ya fulani, wajibu kuwa hawaijui. Hayo tu. Nyumba ipo pale pale, mlango uko wazi, taa zinawaka na wageni wengine wamo ndani. Kesi iliyoendeshwa kwa miaka, kwa mawakili wa bei ghali, huishia kuwa mistari michache iliyoongezwa kwenye faili la seva.

Mgeni mwenye haya, au asiye na haja kubwa, atarudi botini, na wageni wa aina hiyo ni wengi kuliko tunavyodhani. Mwingine atamuuliza mpita njia ambaye hakuajiriwa na kampuni hiyo: zipo seva za DNS za hadhara, zikiwamo za Google na za Cloudflare, ambazo simu inaweza kuwa imewekewa kwa sababu zisizohusiana kabisa na mpira. Bila shaka wapo pia wanaotumia VPN, ambayo huyapitisha maswali na majibu yote nje ya nchi kwa njia iliyosimbwa, yaani iliyofichwa ili wengine wasiweze kuyasoma. Lakini kijana wa Mkunguni anaweza kuwa hana VPN wala ujanja wowote; pengine simu yake ilirekebishwa na binamu yake miezi mingi iliyopita, ikabaki na mpangilio huo bila yeye kujua.

Tena mwenye nyumba anaweza kulibadili jina. Amri imetaja jina la zamani, na watu wa gatini, kwa kuwa ni watiifu kwa maandishi ya amri, humwelekeza mgeni bila kusita akiuliza jina jipya. The Pirate Bay ndiyo bingwa wa mchezo huu. Katika mwaka 2013 pekee ilihama kutoka kikoa cha Sweden kwenda cha Greenland, kisha cha Iceland, kisha cha Sint Maarten, na baada ya hapo vingine tena. Kwa sababu ya michezo ya namna hiyo mahakama za Uingereza hutoa amri zinazoruhusu majina mapya kuongezwa kwenye orodha bila kufungua kesi upya.

Kuna jambo dogo hapa ambalo halitajwi sana. Badala ya kujibu kwamba haijui, seva inaweza kuagizwa kutoa maelekezo ya uongo, yatakayompeleka mtumiaji kwenye ukurasa wa onyo unaoeleza kwamba tovuti imezuiwa kisheria. Wazo ni zuri, ila lilibuniwa enzi ambapo tovuti nyingi hazikuwa na usimbaji. Siku hizi kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, kinapofika kwenye tovuti huomba kwanza cheti chenye jina la tovuti hiyo. Ukurasa wa onyo hauna cheti hicho, na hauwezi kukipata kwa njia ya halali. Kivinjari hukataa kuendelea na kumwambia mtumiaji kwamba huenda kuna mtu anayejaribu kumwibia taarifa zake. Onyo la sheria, lililoandikwa kwa uangalifu na wanasheria, linabaki halijasomwa, na msomaji aliyekusudiwa anadhani simu yake imeingia virusi.

Njia kali zaidi ni kuizuia anwani ya IP yenyewe, ambayo katika mfano wetu ni kukiziba kichochoro. Hapo hata anayeijua njia hapiti. Tatizo ni kwamba kichochoro kina nyumba nyingine. Tovuti nyingi sana hukaa nyuma ya anwani chache za kampuni kubwa kama Cloudflare, zinazopokea wageni kwa niaba ya tovuti hizo, kwa hiyo anwani moja ikizibwa, maduka, shule na magazeti yaliyomo humo hupotea pamoja na mwizi. Hispania imeyaona haya tangu Februari 2025, ambapo ligi ya mpira ya nchi hiyo, LaLiga, kwa idhini ya mahakama, imekuwa ikisababisha anwani za Cloudflare zizuiwe wakati wa mechi, na tovuti zisizo na hatia zikapotea mwishoni mwa juma.

Ingewezekana pia kumwadhibu mtazamaji mwenyewe. Ufaransa ilijaribu kwa sheria ya mwaka 2009 iliyounda mamlaka ya Hadopi: mtu alionywa mara ya kwanza, akaonywa tena, na hatimaye angeweza kukatiwa intaneti. Mtambo mzima huo ulimpata mtu mmoja wa kuhukumiwa kukatiwa, kwa siku 15, mwezi Juni 2013, na mwezi uliofuata adhabu hiyo ikafutwa.

Kenya ilichagua njia ya watoa huduma. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ilirekebishwa mwaka 2019, na marekebisho hayo yakampa mwenye haki uwezo wa kumwandikia mtoa huduma za intaneti notisi ya kutaka kazi iliyoibwa iondolewe au izuiwe, na mtoa huduma apewe saa 48 za kazi za kutekeleza isipokuwa akipata pingamizi halali. Mwaka huo huo kampuni ya MultiChoice, yenye haki za kuonyesha ligi kuu ya England katika eneo hili, ikaenda Mahakama Kuu dhidi ya Safaricom na Jamii Telecommunications kuhusu tovuti zinazorusha mechi bila idhini, na baadaye mahakama ikaamuru tovuti kadhaa zizuiwe.

Je, kunyamazisha watu wa gatini kunasaidia? Aliyekwisha kuelewa jinsi kizuizi kilivyo chepesi atajibu haraka kwamba hakusaidii, na hapo ndipo mambo yanapogeuka kuwa ya ajabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walifuatilia mienendo ya watumiaji wa Uingereza baada ya vizuizi vitatu. The Pirate Bay ilipozuiwa peke yake mwaka 2012, hakukuonekana ongezeko la watu waliohamia kwenye huduma za kulipia. Walihamia kwa maharamia wengine, yaani tovuti nyingine zisizo na idhini. Lakini tovuti 19 zilipozuiwa kwa pamoja mwaka 2013, matumizi ya huduma halali za kulipia yaliongezeka kwa takriban asilimia 12 miongoni mwa waliokuwa wakizitumia tovuti hizo, na kizuizi cha tovuti 53 mwaka 2014 nacho kilionyesha ongezeko. Yaani mlango mmoja ukifichwa, watu huuliza wa pili. Milango mingi ikifichwa siku moja, baadhi yao huchoka. Inafaa kukumbuka kwamba kitengo kilichofanya utafiti huo kilipata fedha kutoka chama cha kampuni za filamu za Marekani, jambo ambalo haliyabatilishi matokeo ila linamtaka msomaji awe macho. Tena, Mwingereza anayechoka anaweza kulipia huduma halali pasipo kuumia sana. Kuyahamishia matokeo hayo Lamu, kwa kijana anayenunua bando la saa moja, ni kudhani mengi.

Kwa filamu, saa 48 za sheria ya Kenya si mbaya, kwa kuwa filamu itakuwa na thamani hata wiki ijayo. Mechi ya mpira humalizika kwa dakika 90 na kidogo, na notisi iliyotumwa wakati wa kuanza huenda ikatekelezwa muda mrefu baada ya matokeo kujulikana. Italia ililijibu tatizo hilo Februari 2024 kwa mtambo uitwao Piracy Shield, ambamo wenye haki huingiza jina au anwani na kampuni za intaneti hutakiwa kuizuia ndani ya dakika 30, bila hakimu kuitazama kwanza. Kasi hiyo haiachi nafasi kubwa ya kuhakiki. Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba 2024, kikoa kimojawapo cha Google Drive kiliingizwa humo kama cha maharamia, na Waitaliano wengi wakashindwa kuyapakua mafaili yao wenyewe kwa saa kadhaa.