Je, wajua kwanini strtok, funksheni ya lugha ya programu ya C ya kukata maandishi vipande, inaharibu stringi (maandishi) yako?

Chukua stringi ya C yenye "Asha,Juma,Neema", ikate kwa koma ukitumia strtok, alafu printi ile stringi ya mwanzo uone. Inatoka "Asha" tu. Wengi wanadhani data imefutwa, kumbe Juma na Neema bado wapo palepale kwenye memori, ila ukisoma kuanzia mwanzo huwafikii tena.

Chanzo ni namna C inavyotunza maandishi. C, aliyoitengeneza Dennis Ritchie pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, haiandiki popote stringi ina urefu gani, inaweka tu baiti ya sifuri mwishoni na funksheni zinasoma mpaka zikutane na hiyo sifuri basi. Sasa unataka kipande "Asha" bila kukopi kwenda kwingine, lazima pawe na sifuri baada ya herufi ya mwisho, na pale pamekaa koma, kwahiyo strtok inaandika sifuri juu ya koma yako. Ndo maana pia ukiipa stringi iliyoandikwa moja kwa moja kwenye kodi, kama char *s = "...", programu mara nyingi inakrashi, ile sehemu ya memori kwa kawaida ni ya kusomwa tu.

Kumpata Juma unaita strtok(NULL, ","), unaipa NULL (yaani hakuna stringi mpya) kwa sababu yenyewe inakumbuka ilipoishia, kwenye pointa (anwani ya memori) moja ya ndani. Moja! Ukiwa unakata mistari na ndani ya lupu hiyohiyo ukaita strtok nyingine ikate maneno, ile ya nje imeshapotea. Tumia strtok_r, ndugu yake strtok, hapo pointa unaitunza mwenyewe.

Linaloniuma zaidi ni koma mbili zikifuatana, strtok inazichukua kama moja. Una "Juma,,Mwanza" yaani jina, simu, mji, na Juma hana simu, basi Mwanza inakaa kwenye nafasi ya simu na hakuna eror yoyote, kodi inaendelea tu na data mbovu inaingia mpaka kwenye databesi. strsep, funksheni nyingine iliyotoka kwenye mifumo ya BSD, inakupa kipande kitupu hapo katikati kama inavyotakiwa, ingawa nayo inaandika sifuri.

Kwenye lugha ya Rust kila kipande cha stringi (aina yake inaitwa &str) kinabeba anwani ya kilipoanzia pamoja na urefu wake, kwahiyo split haina haja ya kugusa hata baiti moja. "Juma,,Mwanza".split(',') inakupa vipande vitatu, cha katikati kitupu, na stringi yako iko nzima vilevile.