Kabla hujajenga kerneli yako kwa ajili ya adapta ya Wi-Fi

Tangu muhula ufunguliwe, dawati letu la TEHAMA limepokea malalamiko yanayofanana: adapta ndogo ya Wi-Fi ya USB haikamati mtandao kwenye Debian 12 (toleo la mfumo endeshi wa Linux), mwenye kompyuta akajenga kerneli yake mwenyewe, yaani kiini cha mfumo huo, na sasa kompyuta haiwaki kabisa. Kitengo kimeona vyema kutoa ufafanuzi.

Adapta nyingi zinazoletwa kwetu zina chipu ya Realtek RTL8821CU. Debian 12 ilitoka na kerneli ya 6.1, ilhali draiva (programu inayoendesha kifaa) ya chipu hiyo iliingia kwenye kerneli rasmi katika toleo la 6.2, Februari 2023. Basi. Adapta si mbovu, muuzaji hakukuibia, na ile kauli ya "Linux haiwezi Wi-Fi" tunaomba iachwe nje ya mlango wa ofisi yetu.

Kwa maana hiyo wengi wenu hamna haja ya kujenga chochote. Sakinisheni kerneli mpya kutoka bookworm-backports, hazina ya vifurushi vipya vya Debian 12, pamoja na kifurushi cha firmware-realtek, chenye programu ya ndani ya chipu. Kabla ya hapo, endesha lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Ukiona 0bda:1a2b, adapta bado inajitambulisha kama CD iliyobeba draiva za Windows, na kazi ya kuigeuza iwe adapta ni ya programu ya usb_modeswitch. Isipogeuzwa, hata ukijenga kerneli kumi ni bure.

Watakaolazimika kujenga, hasa wa maabara wanaobuni vifaa vyao, tunaamini kukompaili (kugeuza msimbo chanzo kuwa programu) wanakujua. Tatizo liko kwenye make localmodconfig, amri ya kupunguza mipangilio ya kerneli. Amri hii hubakiza moduli (vipande vya kerneli, zikiwemo draiva) zile tu zinazotumika wakati unapoiendesha. Printa au modemu isiyochomekwa wakati huo inaweza kuachwa. Na adapta ambayo haijawahi kuwa na draiva haina moduli ya kuhesabiwa, kwa hiyo mpangilio wa CONFIG_RTW88_8821CU, wa draiva yake, lazima uuwashe mwenyewe. Watu wanakesha wakikompaili, asubuhi adapta iko vilevile, lawama zinakuja kwetu. Tumieni make bindeb-pkg ili mpate vifurushi vinavyoondoleka, na kerneli ya zamani isiguswe.

Suala la Secure Boot linahitaji maelezo zaidi. Kinga hii ya wakati wa kuwaka kompyuta hukataa kerneli isiyo na saini ya kidijitali inayotambulika, na jibu la wengi limekuwa kuizima. Kwenye kompyuta ya taasisi hairuhusiwi; kwenye yako yenye Windows pia, BitLocker, inayofunga diski ya Windows, inaweza kudai ufunguo wa urejeshaji ambao wengi hamjui mmeuweka wapi. Tengeneza ufunguo wako, saini kerneli na moduli zake, kisha uusajili ufunguo huo kwa amri ya mokutil. Kompyuta ikiwaka upya itatokea skrini ya buluu. Usipobonyeza kitufe ndani ya sekunde 10, itaendelea kuwaka bila kusajili.

Kwa kompyuta za taasisi, fomu ya kubadili mfumo hujazwa nakala mbili: moja hubaki idarani, nyingine huletwa kwetu ikiwa na namba ya mali, toleo la kerneli na jina la kifaa. Mkuu wa idara husaini kabla ya kazi kuanza. Siyo baada. Kompyuta itakayokutwa na kerneli isiyosajiliwa itatolewa kwenye mtandao hadi ikaguliwe; ikirudiwa, mhusika atapoteza haki ya usimamizi wa kompyuta hiyo na taarifa itapelekwa kwa mkuu wa kitivo. Anayebadili msimbo wa nchi ndani ya kerneli ili kuongeza nguvu ya mawimbi, ajue masafa yanasimamiwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Hatutamtetea.

Mwisho, vikundi vinavyouza vifaa vyenye kerneli ambayo vimeirekebisha: leseni ya GPL toleo la 2, ambayo kerneli ya Linux hutolewa chini yake, inamtaka msambazaji ampe mnunuzi msimbo chanzo, au ahadi ya maandishi ya kuutoa inayodumu walau miaka 3. Ukikiuka, haki yako ya kuisambaza hukoma papo hapo. Maombi ya ufafanuzi yaletwe kwa maandishi, yakiambatana na matokeo ya lsusb na ya uname -r, amri inayoonyesha toleo la kerneli.