Je, wajua? Uvimbe chini ya ubongo unaweza kula mfupa na usiwe saratani

Hapa Dar es Salaam, mtu akiambiwa ana uvimbe kichwani, ndugu huanza kuitaja Ocean Road, hospitali ya saratani, kabla kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa) hakijafika maabara. Hofu hiyo naielewa. Lakini upo uvimbe unaoota sehemu ya chini ya fuvu, pale ubongo unapokalia, ambao kwenye picha hufanana sana na saratani, kumbe ni seli za kinga ya mwili zilizojazana na kuacha makovu magumu.

Eneo hilo lina matundu madogo yanayopitisha mishipa ya fahamu ya macho, uso na koo, hivyo dalili hutegemea ni mshipa gani uliobanwa. Mmoja huona kitu kimoja kama viwili. Mwingine akitoa ulimi, unapinda kuelekea upande wenye ugonjwa. Maumivu ya kichwa nayo hayakomi.

MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, huonyesha uvimbe ulipo na ulikofika, ila haitoshi kuthibitisha ni wa nini. Ndipo daktari huingiza kamera nyembamba puani na kuchukua kinyama, kitafutwe saratani, TB na fangasi. Mgonjwa wa kisukari mwenye sikio linalotoa usaha na kuuma sana usiku hushukiwa bakteria waliopenya hadi mfupani. Huyo hutibiwa kwa antibayotiki wiki 6 au zaidi.

Nasisitiza hapa: isipokuwa kwa dharura anayoiamua daktari, prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili, isianze kabla ya kuchukuliwa kinyama. Limfoma, ambayo ni saratani, nayo husinyaa kwa dawa hiyo. Mgonjwa hufurahia nafuu isiyodumu, na kinyama cha baadaye huweza kutoka bila jibu. TB iliyojificha nayo hupata mwanya wa kusambaa. Tafadhali usijinunulie dawa hii duka la mtaani.

Ikithibitika uvimbe ni wa seli za kinga ya mwili, prednisoloni huanza kwa dozi kubwa, kisha hupunguzwa taratibu kwa miezi. Maumivu huwahi kutulia. Jicho lililolemaa hukawia, na pengine lisirudi kama zamani. Kliniki hupima sukari na presha, maana dawa huzipandisha. Uvimbe ukirudi dozi inaposhuka, huongezwa dawa nyingine za kutuliza kinga: azathioprini, methotreksati au rituksimabu. Na hata ukijisikia mzima, usiache vidonge ghafla: tezi zilizo juu ya figo huwa zimepunguza kutengeneza homoni ya mwili inayofanana na dawa hii, zinahitaji muda kuamka.