Chemshabongo mkiwa wengi, mwenye jibu akae kando

Watu wakisikia naongoza chemshabongo hudhani kazi yenyewe ni kutembea na maswali magumu mfukoni. Maswali ni rahisi kupata bana, kazi ni watu. Mimi ni mwalimu wa fasihi simulizi, na wikendi nakaa na vikundi hapa Nakuru na mara mojamoja Kisumu, vijana wa kanisa, vyama vya akina mama, hata walimu wenzangu, na kuna kitu kinajirudia kila mahali. Kikundi hakikwami ati kwa kukosa mtu mwerevu, kinakwama kwa sababu wote wameamini jambo ambalo hakuna mtu amelisema.

Ebu jaribu hii yangu. Mwanaume ametoka Nakuru asubuhi na matatu mpaka Kisumu. Hakulipa nauli, kondakta alikuwa anamwona njia yote na hakumdai, na walipofika yeye ndiye akapewa pesa. Inakuwaje?

Sheria ni kwamba mimi najua stori yote, nyinyi mnauliza na mimi najibu ndiyo, hapana, ama haihusu. Basi. Wanaanza mbio: ni polisi? Hapana. Ni ndugu ya kondakta? Haihusu. Alitishia mtu? Hapana. Hizo pesa ni chenji yake? Hapana. Wanaenda hivo mpaka Mau Summit wameipita, kila mtu anatafuta ni abiria wa aina gani huyu asiyelipa, halafu mama mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote anauliza, "Kwani alikuwa abiria?" Hapana! Imeisha hiyo, ni dereva.

Rudi usome tena, sijasema abiria popote. Neno hilo wameliweka wao wenyewe vichwani kisha wakaanza kulijengea nyumba. Ndio maana kwangu swali la kuanza na "kwani" lina thamani kuliko majibu kumi ya kukisia, na ndio maana watu wengi ni bora kuliko mtu mmoja, kile umekiamini wewe bila kujua kuna mtu hapo pembeni hajakiamini, shida ni kumfanya aseme.

Edward de Bono, daktari aliyezaliwa Malta 1933, ndiye aliyeipa jina la "lateral thinking" hii namna ya kufikiri ya kuzunguka kando badala ya kusukuma mbele tu, hiyo ilikuwa 1967. Jina lake, sawa. Lakini mchezo wenyewe ni wa zamani sana. Ile ya kuvuka mto mtu akiwa na mnyama mkali, mbuzi na majani, mtumbwi unabeba yeye na kimoja tu, na akiwaacha peke yao mnyama anamla mbuzi na mbuzi anakula majani, Wazungu wanayo tangu enzi za Alcuin wa York, msomi wa Kiingereza, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, yeye alitumia mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, na Afrika iko sehemu nyingi na kwetu ni chui. Ukihesabu vizuri unavuka mara saba, na siri ni kwamba lazima mbuzi umrudishe ng'ambo uliyomtoa, watu hukataa kabisa hapo kwa sababu kichwani kuvusha ni kwenda mbele tu. Toleo ninalolipenda zaidi ni la Waila wa Zambia, wao wameongeza na panya, kuna chui, mbuzi, panya na kapu la mahindi, sasa hesabu inakataa, na yule mtu anaona chui na panya ni kama watoto wake, hawezi kumwacha yeyote, basi anaamua havuki. Anabaki nao hapohapo. Nikiitega hiyo kuna watu hukasirika kweli, ati si jibu. Kwangu ni jibu safi, nani alisema lazima avuke?

Kitendawili nacho ni ndugu wa hizi lakini si pacha wake. Kitendawili kinakupa picha, na picha inataka uwe umeishi mahali fulani. "Kuku wangu katagia mibani", jibu ni nanasi. Watoto wa mjini wanakwama hapo na si kwamba ni wazito, nanasi wao wanalijua likiwa kipande kimekatwa tayari pale steji, hawajawahi kuliona limekaa katikati ya majani yenye miba shambani. Lakini "kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni" wanaitegua mara moja, ni njia. Ndio maana kabla sijatega naangalia nani amekaa mbele yangu. Nikiwa Kisumu nikiuliza ni wapi karibu hapa mtu anaweza kupiga hatua moja akatoka nusu ya dunia akaingia nusu ingine, wanacheka, Maseno, ikweta inapita pale. Mgeni atasumbuka na hiyo, na hapo sijapima akili ya mtu, nimepima kama amewahi kupita Maseno.

Ile desturi ya kudai mji naipenda na naitumia hata kwa chemshabongo za kisasa. Hampati, nasema nipe mji, mnanipa Nakuru, nakataa, mnanipa Mombasa, hapo sasa naenda Mombasa, nakula nashiba, ndio nawapa jibu. Kushindwa kunakuwa na bei ndogo na kicheko, na huwezi amini vile watu hukaza akili upya wakisikia mji wao unaenda.

Sasa namna ya kukaa. Kwanza kimya. Dakika mbili kila mtu anaandika maswali yake kwa karatasi kabla ya mdomo wowote kufunguka. Hii si mambo ya darasani tu, watafiti Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha 1987 kwamba watu wakitoa mawazo pamoja kwa mdomo wanatoa machache kuliko idadi hiyohiyo ya watu waliokaa kila mtu peke yake, na sababu kubwa ni kungoja zamu, mmoja anaongea, wewe unangoja, wazo linapotea. Kisha aanze mdogo. Kwetu mzee akishasema "huyu lazima ni polisi" hakuna kijana atauliza kwani ni abiria, heshima imefunga mlango, kwa hivyo wazee wangu nawaomba wamalizie na wengi hukubali vizuri tu.

Na zawadi, tafadhali, usiweke soda ya mshindi wa kwanza. Karl Duncker, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alikuwa na jaribio lake lililochapishwa kwa Kiingereza 1945: una mshumaa, kiberiti na kisanduku kimejaa pini, uweke mshumaa ukutani bila nta kudondokea meza. Jibu ni kumwaga pini, kubandika kisanduku chenyewe ukutani na kusimamisha mshumaa juu yake, lakini watu wanaona kisanduku kama chombo cha pini tu. 1962 mwanasaikolojia mwingine, Sam Glucksberg, akalijaribu na pesa, na walioahidiwa pesa wakachukua muda mrefu kuliko wasioahidiwa. Pini zikiwa nje ya kisanduku, yaani jibu likiwa wazi, pesa ilisaidia. Kwa hivyo soda weka kwa mashindano ya kukimbia.

Anayenisumbua zaidi ni yule ameshaisikia. Hawezi kukaa na jibu, ataguna, atacheka mahali pabaya, atauliza swali la kujifanya huku analenga pale pale, na akishafanya hivo wengine wanaacha kufikiria stori wanaanza kusoma uso wake. Simfukuzi. Namleta akae karibu na mimi awe mjibuji, yeye ndiye anasema ndiyo, hapana, haihusu, na hapo ndipo anagundua kujibu ni kazi, maana swali kama "alikuwa anafanya kazi siku hiyo?" ukilijibu haraka unaweza kuharibu kila kitu. Wakiwa watatu wanne wanaoijua naiacha tu natega ingine.