Skrini ya Kugusa na Kompyuta Kuu: Nani Aanze Kusema?

Katika viwanda vya chumvi vya Gongoni, kaskazini ya Malindi, pampu ya kuvuta maji ya bahari huwa mbali na chumba cha kompyuta, na hewa ya chumvi hula kila kiungo cha waya. Kwa hivyo, nikiitwa kuunganisha skrini ya kugusa ya mwendeshaji wa mitambo na kompyuta kuu, jambo la kwanza ninalouliza ni umbali.

Kebo ya RS-232, aina ya kiungo cha data cha vifaa viwili, hufaa vinapokaa chumba kimoja, kwani kikomo chake cha kawaida ni mita 15. Kiwanda kimoja kiliivuta mita 60, tena sambamba na nyaya za mota, na kila pampu ilipowashwa mawasiliano yalikatika. Niliweka RS-485, aina nyingine ya kiungo cha data, ambayo hutumia waya mbili zilizosokotwa: kipokezi hupima tofauti ya volti baina yake, na kelele ya umeme inayozipata zote mbili sawasawa haionekani katika tofauti hiyo. Data ikipitishwa polepole, laini hufika mita 1,200. Rezista za omu 120, yaani vipingamizi vya kuzuia ishara isirudi nyuma kwenye waya, hufungwa kwenye ncha mbili tu za laini. Nimewahi kukuta kila kifaa kimefungiwa yake, na ishara imedhoofika hadi skrini ya mwisho haisomi kitu. Itheneti, mfumo wa kebo za mtandao wa kompyuta, ina kasi kubwa zaidi, ila kipande kimoja cha kebo yake ya shaba huishia mita 100.

Waya ukishapatikana, linabaki suala ambalo kwangu ni zito zaidi, yaani nani aanze kusema. Kwa Modbus RTU, lugha ya mawasiliano ya mitambo ya viwandani, skrini huuliza na kompyuta hujibu. Kusoma rejista 100 (nafasi za kumbukumbu, kila moja na namba yake) kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde huchukua karibu robo sekunde, na kurasa zikiwa na mambo mengi mwendeshaji hungoja. Njia ya pili ni kompyuta kuandika yenyewe katika kumbukumbu ya skrini kila thamani inapobadilika. Naipendelea hii, kwa sababu tahadhari ya tangi kufurika haisubiri zamu ya kuulizwa. Lakini kompyuta ikizimika, skrini itaendelea kuonyesha kina cha maji cha mwisho kana kwamba ni cha sasa, na mtu ataiamini. Ndiyo maana mimi huagiza kompyuta iongeze namba moja katika rejista maalumu kila sekunde. Namba hiyo ikisimama kwa sekunde 5, ukurasa wote hugeuka mwekundu.