Kabla hujaweka sponji kwenye leza, jua imetengenezwa kwa nini

Na Mkaguzi wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Mtwara

Tunapoelekea Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani, Aprili 28, tumeona tulizungumzie jambo ambalo majirani wa karakana ndogo wanatuletea kama malalamiko: moshi unaowasha macho na kukaba koo, unaotoka kwenye vyumba vinavyokata sponji na raba za rangi kwa mashine ya leza. Walalamikaji wanataka mashine zifungiwe. Mafundi wanajibu kwamba ni harufu tu, itaisha. Pande zote mbili zinaitazama mashine, wakati shida kubwa imo kwenye karatasi ya sponji au raba inayowekwa ndani yake.

Ieleweke kwamba hatuipigi vita kazi hii. Herufi za mahafali na harusi, zana za kufundishia watoto wa chekechea, soli za sandali, mihuri ya ofisi: hizi ni riziki halali za vijana wetu, na leza inazikata kwa usafi ambao mkasi hauufikii. Tunachotaka ni fundi ajue anakata nini.

Sponji nyembamba za rangi zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule, ukubwa wa A4 na unene wa milimita 2 hivi, kwa kawaida ni EVA, aina ya plastiki laini isiyo na klorini. Mikeka minene ya kuunganisha ya watoto nayo mara nyingi ni EVA, hali kadhalika soli nyingi nyepesi za kandambili. EVA inakatika vizuri kwa leza. Moshi wake una harufu ya siki na haufai kuvutwa, lakini feni ya kunyonya yenye bomba linalotoka nje inaumudu. Raba ya mihuri iliyotengenezwa mahsusi kwa leza nayo haina tatizo, ilimradi vumbi lake linyonywe.

Hatari inaanzia kwenye PVC, plastiki ile ya mabomba ya maji. Karibu asilimia 57 ya uzito wa PVC ni klorini. Leza ikiipiga, klorini hiyo hutoka kama gesi ya hidrojeni kloridi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Unyevu uko kwenye macho, pua na mapafu ya fundi. Uko pia kwenye hewa yetu ya pwani, na ndiyo maana mashine iliyokata PVC huku Mtwara na Lindi inajionyesha yenyewe: reli zinapata kutu ya rangi ya machungwa, boli zinaganda, vioo vinaingia ukungu usiofutika. Fundi anadhani ameuziwa mashine mbovu. Neoprini, ile raba laini ya mavazi ya kuzamia, nayo ina klorini nyingi. Sponji ya godoro ni poliyurethani. Haina klorini, lakini ikiungua hutoa sianidi, ambayo ni sumu kali. Hiyo ikatwe kwa kisu.

Rangi haikwambii lolote kuhusu haya. Kuna EVA nyekundu na PVC nyekundu, na zikiwa kwenye rafu moja hata muuzaji hazitofautishi. Kuipima kwa kuielesha kwenye maji, kama baadhi ya mafundi wanavyofanya, hakusaidii kwa sponji, kwa sababu sponji yoyote yenye vitundu vya hewa itaelea, iwe EVA au PVC.

Kipimo kinachosaidia ni cha waya wa shaba. Chukua kipande cha waya wa umeme, umenye plastiki yake, ushike waya kwa koleo na uupashe kwenye moto wa gesi mpaka uwe mwekundu na moto wenyewe usiwe na rangi ngeni. Ukiwa bado wa moto, ugusishe kwenye kona ya sponji ili chembe ndogo ishike, kisha urudishe motoni. Moto ukigeuka kijani, au kijani kinachoelekea bluu, kuna klorini. Karatasi hiyo isiingie kwenye leza. Moto ukibaki wa njano au machungwa, hakuna. Kama hujawahi kuuona ukijani huo, anza na ile plastiki uliyoimenya, kwa kuwa ganda la nyaya za umeme kwa kawaida ni PVC. Fanya kipimo hiki nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, kwa chembe tu, na usiinuse.

Pima kila tabaka. Karatasi yenye kitambaa nyuma, yenye glita au yenye gundi inapimwa sehemu zote. Gundi ya viatu inayopakwa pande mbili na kusubiriwa ikauke mara nyingi imetengenezwa kwa jamii ya neoprini. Ukiunganisha karatasi mbili salama kwa gundi hiyo na kuzikata pamoja, umerudisha klorini kwa mlango wa nyuma. Kata kwanza, gundisha baadaye.

Kwenye ununuzi, mzigo mwingi unatoka Kariakoo na kufika huku ukiwa umefunguliwa na kuchanganywa. Omba kuona lebo ya katoni na uipige picha. Kata kipande cha mfano, kibane pamoja na risiti, andika tarehe. Mzigo mpya unapimwa upya hata kama rangi na muuzaji ni walewale.

Sasa kuhusu mambo tunayoambiwa kila tunapokagua. Maziwa hayasafishi mapafu. Maziwa yanaenda tumboni, na gesi haikupita huko. Mwajiri anayempa kijana pakiti ya maziwa badala ya feni ya kunyonya hajamkinga na chochote, na tunaomba utetezi huu usiletwe tena mbele ya mkaguzi. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Kufungua dirisha si mfumo wa kutoa moshi, hasa dirisha hilo likiwa linatazamana na jiko la jirani. Na miwani ya jua haikingi macho dhidi ya leza. Mwanga wa leza ya kaboni dioksidi, yaani ile inayotengeneza mwanga wake kwa gesi hiyo, hauonekani kabisa. Leza ndogo za bluu, ambazo nyingi huuzwa bila boksi, zinahitaji kifuniko au miwani iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanga huo huo. Leza hizo za bluu, kwa taarifa ya wanaozinunua kwa urahisi wa bei, zinategemea sana rangi: sponji nyeusi inakatika, nyeupe na ya bluu zinaurudisha mwanga. Kuongeza nguvu na kupunguza mwendo ili nyeupe ikatike ndiko kunakowasha moto. Mashine isiachwe peke yake ikiwa inakata, hata kwa dakika ya kwenda dukani, na mtungi wa kuzimia moto wa kaboni dioksidi uwe karibu na mkono.

Kwa upande wa sheria: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwenye eneo la kazi alisajili. Chumba kimoja chenye mashine moja na kijana mmoja wa kulipwa ni eneo la kazi. Udogo wake si msamaha. Baada ya usajili mkaguzi atafika. Ataangalia bomba la moshi linaishia wapi, kifuniko cha mashine, waya wa ardhi, mtungi wa moto, na rekodi za malighafi, ndipo ile picha ya lebo na kipande cha mfano vinapofanya kazi. Akikuta upungufu unaorekebishika atakupa ilani ya maboresho yenye muda maalumu. Akikuta hatari ya moja kwa moja kwa watu atatoa ilani ya katazo, na kazi husimama hapo hapo mpaka hatari iondolewe na ithibitishwe kuondolewa. Kuendelea na kazi chini ya ilani hiyo ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani. Mfanyakazi anapimwa afya anapoanza kazi, akiwa kazini na anapoondoka, kwa gharama ya mwajiri. Makala haya ni ya kuelimisha na hayachukui nafasi ya sheria wala ya maelekezo utakayopewa na mkaguzi wako.

Majirani nao wasichukue sheria mkononi. Leteni malalamiko kwa maandishi, mtaje mahali na saa ambazo moshi hutoka, ili mkaguzi afike wakati mashine inafanya kazi.

Mabaki ya PVC yasichomwe nyuma ya nyumba. Gesi ni ile ile. Na ikiwa tayari mtu amevuta moshi wa namna hii, zima mashine, mpeleke kwenye hewa safi, muoshe macho kwa maji mengi yanayotiririka, kisha mpeleke hospitali hata kama anasema amepata nafuu, kwa sababu maji kwenye mapafu yanaweza kujaa saa nyingi baadaye. Mwambie daktari kilichokuwa kinakatwa. Kipande cha sponji yenyewe kiende naye.