Waridi la Jangwani: Usiangalie Ua Kwanza

Kiangazi kikikolea pande za Tsavo, naanza kuletewa picha za kichaka kisicho na jani hata moja, matawi yamejaa maua ya waridi kama yamepambwa kwa harusi. Swali ni lile lile: huu ni mti gani?

Mara nyingi ni waridi la jangwani, Adenium obesum. Si waridi hata kidogo. Ni wa ukoo mmoja na ile oleanda ya bustanini, na ndiyo maana maua yao yanafanana mno: mrija uliofunguka kwa petali tano, katikati pamepauka. Kwa hiyo mimi huliacha ua mpaka mwisho.

Naanza na shina. Chini limevimba kama chupa, gome ni laini la kijivu, matawi ni manene na hayana mwiba hata mmoja. Pehr Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyeukuta Yemen na kufia huko mwaka 1763, aliupa jina obesum, yaani mnene. Adenium nalo linatokana na Aden, mji wa huko huko Yemen. Ukikuta gimba la kijani lenye matawi ya miiba, hapo umeuacha: huo ni Adenia globosa, jamaa ya mpasheni, nao unapatikana nyika hizo hizo. Majina hayo mawili yamewachanganya wengi, hata wanafunzi wazuri.

Mvua zikinyesha, tazama majani. Yanasongamana kwenye ncha za matawi, mapana zaidi karibu na kikomo kuliko kwenye kikonyo. Ya oleanda ni membamba kama mkuki, na hutoka matatu matatu.

Lakini kitambulisho ninachokipenda kuliko vyote ni tunda. Hutoka mawili mawili kama pembe za mbuzi, na yakikauka hupasuka. Chukua mbegu moja uiangalie vizuri: ni kijiti chembamba chenye shada la manyoya kila upande, kama mzega wa mchota maji. Mbegu ya oleanda ina manyoya upande mmoja tu. Upepo wa nyika huizungusha mbegu hii ya mashada mawili mchangani kama gurudumu. Nimewahi kukaa kwenye jua kali nikiitazama, nikasahau safari.

Usikate tawi ili uhakikishe. Utomvu wake una sumu inayoshambulia moyo. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi huuchemsha mpaka uwe mzito, wakaupaka kwenye mishale ya kuwindia wanyama wakubwa. Ukikugusa, nawa kabla hujashika jicho.

Na tafadhali usiung'oe kwenda kuupanda chunguni. Unaota vizuri kwa mbegu, na kwa mbegu shina hunenepa tangu udogoni. Ukitaka nikusaidie kuutambua, nipigie picha ya shina lote tangu ardhini, ya jani kama lipo, na ya lile tunda la pembe.